Gari likisumbua kuwaka, pima shinikizo la petroli kabla ya kununua pampu

Na MWANDISHI WETU

WENYE magari wengi humu nchini huilaumu betri, plagi au pampu ya mafuta kila mara gari linapochelewa kuwaka. Aghalabu vipuri hivyo hubadilishwa kimoja baada ya kingine, fedha zikaendelea kutoka mfukoni, ilhali ugonjwa wenyewe umebaki pale pale. Stata huzunguka kwa nguvu, taa za dashibodi huwaka sawasawa, lakini injini hukataa kushika mpaka dereva azungushe ufunguo mara tatu au nne.

Katika visa vingi vya aina hiyo, chanzo huweza kuwa kifaa kidogo cha chuma kinachotoshea kiganjani. Kifaa hicho ni kidhibiti cha shinikizo la mafuta, au regyuleta kama kinavyoitwa katika gereji za Jua Kali. Kazi yake ni kuhakikisha petroli inazifikia injekta kwa nguvu ile ile iliyokusudiwa na mtengenezaji wa gari, wala si zaidi wala si pungufu.

Ugumu uliopo ni kwamba hakuna dalili hata moja ya regyuleta mbovu ambayo haiwezi kuletwa na kifaa kingine. Moshi mweusi huweza kutoka kwa injekta inayovuja. Kuchelewa kuwaka asubuhi huweza kusababishwa na pampu. Gari kukosa nguvu mlimani huweza kuwa kosa la kichungi kilichoziba. Kwa sababu hiyo, anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha hucheza kamari. Njia ya hakika ni kupima, na vipimo vyenyewe si vigumu kueleweka.

KAZI YA REGYULETA

Kompyuta ya gari huamua kiasi cha petroli kwa kuhesabu muda ambao kila injekta hufunguliwa. Muda huo ni mfupi mno, nao hupimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Hesabu hiyo husimama juu ya msingi mmoja: kwamba nguvu inayosukuma petroli haibadiliki ovyo. Nguvu ikizidi, injini hupata petroli nyingi kuliko ilivyohesabiwa. Ikipungua, hupata haba. Katika magari mengi ya mfumo huu kompyuta haina kifaa cha kupima shinikizo la petroli, hivyo basi haina habari.

Injini ikishapata moto, kihisi cha oksijeni kilichomo kwenye ekzosi huweza kusaidia kurekebisha kasoro hiyo kwa kiasi fulani. Lakini wakati wa kuwasha gari, kihisi hicho huwa bado hakijaanza kufanya kazi. Ndiyo maana ubovu wa regyuleta hujitokeza kwanza wakati wa kuwasha, hata kabla dereva hajaona tatizo lolote barabarani.

Kifaa hiki si kipya. Mfumo wa D-Jetronic wa kampuni ya Bosch ya Ujerumani, ambao ulianza kutumika mwaka wa 1967 katika gari la Volkswagen 1600, tayari ulikuwa na kidhibiti cha shinikizo. Umbo lake limebadilika kidogo tu tangu wakati huo.

Ndani ya regyuleta mna utando wa mpira unaogawa nafasi mbili. Upande mmoja huingia petroli kutoka kwenye reli ya mafuta, yaani bomba linalogawia injekta petroli. Upande wa pili mna springi. Petroli inapousukuma utando kwa nguvu kuishinda springi, vali ndogo hufunguka na petroli ya ziada hurudi tangini kupitia bomba la kurudishia. Nguvu inaposhuka, springi huifunga vali hiyo.

Upande wa springi pia huunganishwa na mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Injini inapozunguka polepole, manifoldi huwa na ombwe, yaani hewa yake huwa haba, na ombwe hilo huinyonya petroli kutoka kwenye midomo ya injekta. Ili petroli isizidi, ombwe hilo hilo huuvuta utando wa regyuleta na kupunguza shinikizo. Dereva anapokanyaga mafuta, ombwe hutoweka na shinikizo hupanda tena. Kwa njia hiyo tofauti ya nguvu kati ya pande mbili za injekta hubaki ile ile.

Kuna kazi nyingine ambayo wengi huisahau. Injini inapozimwa, vali ya regyuleta hujifunga, na vali nyingine iliyomo ndani ya pampu hujifunga vilevile. Petroli hubaki imebanwa ndani ya mabomba, tayari kwa safari ijayo. Baada ya gari kuzimwa likiwa moto, joto chini ya boneti huendelea kupanda kwa muda kwa kuwa maji na hewa ya kupoza injini havizunguki tena. Petroli iliyobanwa huchelewa kuchemka, kama vile maji yanavyochelewa kuchemka ndani ya sufuria ya presha. Shinikizo likipotea, petroli hugeuka mvuke ndani ya reli, nazo injekta hupuliza mvuke badala ya mafuta. Dereva aliyesimama dakika ishirini sokoni Kongowea katika jua la Mombasa hurudi na kupata gari limegoma.

MAGARI YANAYOHUSIKA

Maelezo haya yanahusu magari ya petroli yenye injekta na bomba la kurudishia mafuta tangini. Haya ni pamoja na magari mengi ya Kijapani yaliyoundwa katika miaka ya 1990, mathalani Toyota Corolla na Carina zenye injini za 4A-FE na 7A-FE. Regyuleta yao hukaa mwishoni mwa reli ya mafuta, nayo huonekana mara boneti inapofunguliwa.

Magari mengi yaliyofuata hayana bomba hilo la kurudishia. Katika Toyota Probox na Corolla NZE zenye injini ya 1NZ-FE, regyuleta imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na haina mpira wa ombwe. Shinikizo lake hubaki kati ya kilopaskali 304 na 343, sawa na PSI 44 hadi 50, injini ikizunguka polepole au kwa kasi. Vipimo vya mpira wa ombwe na vya bomba la kurudishia vilivyoelezwa hapa chini haviyahusu magari hayo, ingawa kile cha kushikilia shinikizo bado kina manufaa.

Magari ambayo petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, yakiwemo yale yenye maandishi ya D-4 au GDI, yana pampu ya pili yenye nguvu kubwa mno. Upande huo wa mfumo usiguswe na mtu asiye na mafunzo na vifaa vyake. Magari ya dizeli na ya kabureta hayamo katika mjadala huu.

NAMNA NNE ZA KUHARIBIKA

Ya kwanza ni utando kupasuka. Petroli hupenya na kuufuata mpira wa ombwe hadi ndani ya manifoldi, nayo injini hunyweshwa mafuta ambayo kompyuta haikuyahesabu. Hata baada ya gari kuzimwa, petroli huendelea kudondoka humo. Moshi mweusi hutoka, harufu ya petroli huenea, na plagi za silinda zilizo karibu na mpira huo huwa nyeusi kuliko nyingine.

Ya pili ni vali kushindwa kujifunga barabara kwa sababu ya uchafu, kutu au uchakavu. Petroli hurudi tangini yote gari likiwa limezimwa. Asubuhi stata huzunguka sana kabla ya injini kushika, kwa kuwa pampu huanza kujaza mabomba upya. Vali ikiwa wazi zaidi, shinikizo huwa la chini hata safarini, na gari hukosa pumzi likipanda mlima.

Ya tatu ni vali kukwama ikiwa imefungwa, au bomba la kurudishia kuziba. Shinikizo hupanda kupita kiasi, petroli hutumika kwa wingi, na plagi hulowa.

Ya nne haiihusu regyuleta yenyewe. Mpira wa ombwe hupasuka, hulegea au huchomoka. Regyuleta haipati ombwe na shinikizo hubaki juu hata injini ikizunguka polepole, huku hewa isiyohesabiwa ikiingia kwenye manifoldi. Kipande kipya cha mpira huu ni cha bei ndogo sana kikilinganishwa na pampu, na ndiyo maana unapaswa kuangaliwa kabla ya chochote kingine.

USALAMA KWANZA

Petroli haisamehe. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kukusanyika mahali pa bondeni, na huweza kushika moto kutoka kwa cheche iliyo mbali na gari. Kazi hii ifanyiwe nje, penye hewa ya kutosha, mbali na jiko, sigara, kazi ya kuchomelea vyuma na taa yoyote ya moto. Kizima-moto kinachofaa kwa mafuta kiwe karibu, na watoto wawe mbali.

Bomba la mafuta lisifunguliwe kabla ya kupunguza shinikizo. Fundi huchomoa fyuzi, rilei au waya wa pampu injini ikiwa inazunguka, akaiacha hadi izimike yenyewe, kisha akazungusha stata kwa sekunde chache. Halafu huondoa waya wa betri kwenye ncha hasi, na kufungua nati polepole huku akiwa ameifunika kwa kitambaa. Hata hivyo, petroli kidogo itatoka, kwa hivyo macho yalindwe. Betri irudishwe tu baada ya petroli iliyomwagika kupanguswa na kukauka.

UCHUNGUZI BILA KIFAA

Hatua ya kwanza ni kuondoa shaka kuhusu mambo mengine. Stata ikizunguka kwa ulegevu, shida ni ya umeme: betri, vichwa vyake au stata yenyewe. Cheche zisipofika kwenye plagi, regyuleta haina hatia. Kihisi cha joto la maji ya injini kikiidanganya kompyuta, gari huweza kusumbua kuwaka likiwa baridi au likiwa moto. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa nayo haigeuki mvuke kwa urahisi asubuhi yenye baridi. Udanganyifu huo uliifanya serikali ianze kutoza ushuru maalumu wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018. Iwapo tatizo lilianza mara tu baada ya kujaza tangi katika kituo kigeni, ni vyema kuanzia hapo.

Kwa magari yanayotumia mfumo wa uchunguzi wa OBD-II, mashine ya kusomea misimbo huweza kuonyesha P0172, maana yake petroli ni nyingi, au P0171, yaani ni haba kulingana na hewa. Msimbo huonyesha upande wa kosa, haumtaji mkosaji. Fundi anayesoma msimbo na kuagiza kipuri papo hapo hajachunguza lolote.

Hatua ya pili ni kujua kama injini inakosa petroli au imefurika. Magari mengi huiwasha pampu kwa sekunde mbili hivi ufunguo unapofunguliwa, kabla stata haijazungushwa. Katika magari hayo, ufunguo ufunguliwe kwa sekunde tatu, ufungwe, na zoezi lirudiwe mara tatu ndipo stata izungushwe. Gari likiwaka mara moja, ilhali kwa kawaida husumbua, kuna uwezekano mkubwa kwamba shinikizo hupotea likiwa limeegeshwa. Si magari yote yaliyo na mpango huo. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, pampu huanza kufanya kazi stata inapozunguka tu.

Iwapo zoezi hilo halisaidii, stata izungushwe kwa sekunde chache huku kikanyagio cha mafuta kikiwa kimekanyagwa hadi chini. Katika magari mengi yenye injekta, kompyuta huelewa ishara hiyo na kupunguza au kukata petroli ili hewa ikaushe silinda. Gari likiwaka kwa njia hiyo na kutoa moshi mweusi, lilikuwa limefurika. Hapo watuhumiwa ni utando uliopasuka, shinikizo lililozidi au injekta inayodondoka.

Hatua ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote na mara nyingine humaliza kazi. Injini ikiwa imezimwa, mpira mwembamba wa ombwe uchomolewe kwenye regyuleta na kuchunguzwa. Unapaswa kuwa mkavu. Petroli ikionekana ndani yake, au ikidondoka kutoka kwenye kitundu cha regyuleta, utando umepasuka na hakuna haja ya ubishi zaidi. Pasipoonekana petroli, injini iwashwe kwa muda mfupi mpira ukiwa umechomolewa na kuzibwa, kisha kitundu kitazamwe tena. Harufu hafifu pekee si ushahidi wa kutosha, kwa kuwa mvuke wa petroli huwamo kwenye manifoldi siku zote.

UCHUNGUZI WA KIPIMAJI

Mpira ukiwa mkavu na gari likaendelea kusumbua, hapana budi kutumia kipimaji cha shinikizo la petroli. Kifaa hiki kina uso wa saa wenye mshale, na husomwa kwa kilopaskali au PSI, kipimo kile kile kinachotumiwa kwa magurudumu. Huunganishwa kwenye reli ya mafuta au kwenye mdomo wa kichungi. Vishikizo vya shaba vinavyozuia mvujo kwenye nati hiyo visitumiwe mara ya pili. Vipya vinahitajika kila inapofunguliwa. Kabla ya kusoma chochote, pampu iwashwe na viungo vyote vikaguliwe kama vinavuja.

Kila gari lina viwango vyake katika kitabu cha mtengenezaji, na ni hivyo tu vinavyofaa kutumiwa. Kwa mfano, kwa injini za Toyota 4A-FE na 7A-FE, mpira wa ombwe ukiwa umechomolewa na kuzibwa, shinikizo linapaswa kuwa kati ya kilopaskali 265 na 304, yaani PSI 38 hadi 44. Mpira ukirudishwa huku injini ikizunguka polepole, linapaswa kushuka hadi kati ya kilopaskali 206 na 255, au PSI 30 hadi 37.

Kushuka na kupanda huko ndiko kunakoonyesha kwamba regyuleta ingali hai. Mshale usiposogea mpira unapochomolewa na kurudishwa, ama utando umekwama ama mpira hauleti ombwe. Kidole kikiwekwa kwenye mdomo wa mpira, mvuto unapaswa kuhisika. Ukikosekana, mpira wenyewe ndio wa kushughulikiwa.

Shinikizo likiwa juu kupita kiasi, ni kosa kuihukumu regyuleta papo hapo. Bomba la kurudishia lichomolewe kwenye regyuleta, na mahali pake uwekwe mpira unaoelekeza petroli kwenye chombo salama cha chuma chenye mfuniko. Pampu ikiwashwa na shinikizo likashuka hadi kiwango cha kawaida, bomba la kwenda tangini ndilo lililoziba au kupondeka. Likibaki juu, regyuleta ndiyo mbovu.

Shinikizo likiwa chini, swali ni kama pampu haisukumi au regyuleta inaachilia. Sehemu ya mpira ya bomba la kurudishia hubanwa polepole kwa koleo lililofungwa kitambaa, kwa sekunde chache tu, macho yakiwa kwenye mshale. Ukiruka juu ghafla, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo inayovujisha. Usiporuka, lawama huhamia kwa pampu, chujio lililomo tangini au kichungi. Mpira ukibanwa kabisa, shinikizo linaweza kukaribia maradufu ya kawaida, kwa hivyo zoezi hili halifai kufanywa kwenye mpira uliozeeka na kupasukapasuka, wala kwenye bomba la plastiki au la chuma.

KIPIMO CHA DAKIKA TANO

Kwa gari linalosumbua kuwaka, kipimo hiki ndicho muhimu kuliko vyote, nacho ndicho kinachorukwa zaidi. Injini izimwe huku kipimaji kikiwa kimeunganishwa, na saa itazamwe. Katika injini za Toyota zilizotajwa, baada ya dakika tano shinikizo linapaswa kuwa kilopaskali 147, sawa na PSI 21, au zaidi. Kusoma shinikizo injini ikizunguka pekee hakutoshi. Regyuleta yenye vali inayovuja kidogo huweza kuonyesha namba nzuri safarini, kwa kuwa pampu hufidia mvujo huo, kisha ikapoteza kila kitu dakika chache baada ya gari kuegeshwa.

Shinikizo likishuka haraka, petroli inatorokea mahali pamoja kati ya matatu, na kila mlango huweza kufungwa kwa zamu. Injini iwashwe tena, izimwe, na papo hapo mpira wa kurudishia ubanwe. Mshale ukitulia, regyuleta ndiyo iliyokuwa ikivuja. Ukiendelea kushuka, zoezi lirudiwe kwa kubana mpira unaoleta petroli kutoka tangini, kati ya pampu na kipimaji. Mshale ukitulia safari hii, vali iliyomo ndani ya pampu haishiki. Ukizidi kushuka hata hivyo, injekta moja au zaidi inadondosha petroli ndani ya injini, au kuna mvujo wa nje. Plagi zikitolewa, iliyolowa itaonyesha silinda yenye hatia.

Toyota nyingi za zamani zina kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Matundu hayo mawili yakiunganishwa kwa kipande cha waya huku ufunguo ukiwa umefunguliwa, pampu huzunguka bila injini kuwaka. Hili huwafaa sana wale ambao gari lao limekataa kuwaka kabisa. Waya ukiingizwa kwenye matundu mengine kimakosa, vifaa vya umeme huweza kuungua, kwa hivyo maandishi yasomwe vizuri kwanza.

KUBADILISHA REGYULETA

Regyuleta nyingi zimefungwa kabisa kiwandani na hazirekebishiki. Kuigonga kwa nyundo ili ibane zaidi, au kuacha bomba la kurudishia likiwa limefinywa ili shinikizo lipande, si ukarabati. Mambo hayo huiweka injini katika hatari ya kufurika na mabomba katika hatari ya kupasuka karibu na ekzosi yenye moto.

Anayenunua kipuri, iwe ni katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au kwingineko, aende na regyuleta ya zamani pamoja na nambari ya injini. Regyuleta mbili huweza kufanana kwa umbo ilhali springi zao zina nguvu tofauti. Kipuri cha mtumba kutoka Japani huweza kufaa, lakini utando wake una umri ule ule wa gari lilikotolewa, na mnunuzi hana budi kukipima kwa kipimaji siku hiyo hiyo kabla muda wa kukirudisha dukani haujapita. Oringi inayozuia petroli kuvuja kwenye kiungo iwe mpya, ipakwe petroli au oili nyepesi kidogo kabla ya kuingizwa, na isilazimishwe.

Kazi haimaliziki gari linapowaka. Vipimo vyote viwili, cha injini ikizunguka na cha dakika tano, vinapaswa kurudiwa kwa regyuleta mpya. Namba ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa garini. Safari ijayo, fundi yeyote atakayelishughulikia gari hilo atakuwa na pa kuanzia.

HASARA YA KUPUUZA

Wapo wanaoliona tatizo hili kuwa usumbufu mdogo wa asubuhi, maadamu gari huwaka hatimaye. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Petroli inayoingia silindani bila kuungua huziosha kuta za silinda na kuondoa oili inayozilinda, kisha hushuka hadi kwenye oili ya injini na kuifanya nyepesi. Oili ya namna hiyo haiwezi kuzilinda beringi za krenki, na gharama yake si ya kipuri kimoja tena bali ni ya injini nzima.

Dalili yake huonekana kwenye kijiti cha kupimia oili. Kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza oili, au kijiti kikinuka petroli, gari lisiendeshwe mpaka chanzo kipatikane, na oili pamoja na kichungi chake vibadilishwe baada ya ukarabati. Kubadilisha oili kabla ya kuondoa chanzo ni kuitupa. Hali kadhalika stata na betri huchakaa mapema kwa kuzungushwa sana kila siku, na mwenye gari akavinunua vipya akidhani ndivyo vilivyokuwa na kasoro.

Kwa hivyo mwenye gari anayeambiwa kwamba pampu yake imekufa ana haki ya kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: shinikizo lilisomeka ngapi, na baada ya dakika tano lilibaki ngapi? Fundi aliyepima atalijibu kwa namba. Asiye na namba hajui bado gari linaugua nini, na ni afadhali kumwomba apime kwanza.